Sauti Inayokuna

Muulize mpenzi wa taarab kwa nini akimsikia Shakila Said huacha kazi aliyoishika, naye hatakwambia kwamba mama yule aliimba sauti ya kwanza. Atakwambia sauti yake inasuuza roho. Muulize mwingine habari za Bi Kidude, atasema, "Yule bibi ananikuna." Shabiki wa muziki wa dansi akitajiwa Marijani Rajabu hutikisa kichwa kwanza, kisha akasema jamaa alikuwa akiliza watu. Kusuuza, kukuna, kuliza. Hakuna hata kitenzi kimoja hapo kinachoeleza kilichomo kooni mwa mwimbaji. Vyote vinaeleza yanayompata aliyeketi akisikiliza.

Maneno ya namna hii nimeyaokota barazani, redioni na kwenye daladala, na naamini kwamba humo ndimo ilimo istilahi yetu halisi ya sauti za kuimba. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuhakiki uimbaji, na ushahidi unaotolewa ni kurasa za burudani magazetini, ambako kila mwimbaji ana "sauti nzuri" na aliyezidi hapo ana "sauti nzuri sana". Ufukara huo ni wa waandishi. Lugha yenyewe ina akiba, ila imewekwa mahali ambapo wahakiki hawaendi kuitafuta.

Upande wanaoujua ni ule wa kwaya. Kwaya zetu zina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, au kwa majina ya mkopo soprano, alto, tena na besi, na mwalimu wa kwaya hawezi kufanya kazi bila majina hayo. Wanafonetiki nao wana neno kidatu kwa kimo cha sauti: nyuzi za sauti zikitetema kwa kasi zaidi, kidatu hupanda. Za mwanamume mzima anayezungumza hutetema mara 100 na kitu kwa sekunde, za mwanamke karibu mara 200. Hiyo ni elimu safi, na inatosha kukuambia nani asimame wapi jukwaani. Inatusaidia pia kueleza kwa nini Muhidin Gurumo na Hassani Bichuka walipendeza walipoimba pamoja Mlimani Park Orchestra: Gurumo, aliyekuwamo NUTA Jazz tangu mwanzo wake mwaka 1964, alikaa chini kwa sauti nzito isiyo na haraka, na Bichuka akapita juu yake kwa sauti nyembamba inayopenya hadi mwisho wa ukumbi. Lakini wapo wengi wenye kidatu cha Bichuka ambao hawajawahi kumsimamisha mtu aliyeshika njia yake. Ngazi inakuonyesha mtu amepanda hadi wapi. Alichokufanya akiwa huko juu inabidi utafute neno jingine.

Neno hilo jingine, kwa watu wengi, ni nyoka. Sifa kubwa kabisa ambayo Mswahili humpa mwimbaji ni kwamba ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Msemo huu umechoka kwa kutumiwa kila siku, na kwa sababu hiyo hatuusikilizi tena. Usikilize leo. Aliyechaguliwa kuwa shahidi ni mnyama asiye na tundu la sikio. Nyoka hupokea sauti kama mtetemo, nyingi ikimwingia kupitia mifupa ya taya, na mara nyingi akiwa ameulaza mwili wake wote juu ya ardhi. Sijui aliyeutunga msemo alilijua hilo au aliliona tu kwa macho, lakini alichosema ni sahihi kabisa: sauti inayosifiwa haikuishia masikioni. Imeutikisa mwili, na mwili ukatoka ulikojificha. Kigezo hicho ni kikali kuliko "sauti nzuri", na ni waimbaji wachache wanaokifikia.

Jina la taarab lenyewe ni la ukoo huo. Kwa Waarabu, neno lililozaa neno letu halikuwa jina la aina ya muziki. Lilikuwa jina la hali: ule wepesi unaompanda mtu kwa furaha kuu au kwa huzuni kuu, hata asiweze kujizuia. Mwimbaji aliitwa kwa jina la kazi hiyo, yule anayewatia watu katika hali hiyo. Mfano mkubwa wa karne iliyopita ni Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu wa kijiji aliyelelewa katika kisomo cha Kurani. Tamasha zake za Alhamisi ya kwanza ya mwezi zilirushwa redioni kwa miaka mingi, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Hakurefusha kwa maneno mengi. Alirudia mshororo uleule, kila mara kwa mkato mpya, na watu wakapiga kelele wakimwomba aurudie tena. Hali ile ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, nao wimbo ulikwenda hadi ifike.

Neno lilipovuka bahari kuja Unguja lilibadilika. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Kairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Hatua kwa hatua jina la hali likawa jina la chombo na hafla: tunakwenda tarabuni, tunapiga tarabu. Leo mtu anaweza kukaa kwenye taarab usiku kucha asipate hata dakika moja ya ile hali ya zamani. Sioni kwamba neno limeharibika, kwa sababu hali yenyewe tulikuwa nayo kwa majina mengine, na watu wa pwani hawakuacha kuipima.

Kipimo chao ni kutuza. Mgeni akiona mara ya kwanza hudhani ni malipo. Tazama vizuri. Mwanamke ameketi na wenzake, wimbo umeanza, na ubeti wa kwanza unapita yeye ametulia. Wa pili nao unapita. Kisha unafika mshororo fulani, anainuka, anatembea kwa mwendo wa maringo hadi mbele huku ameinua noti juu, anaitia mkononi mwa mwimbaji au anaibandika kwenye paji la uso wake, na anarudi kwa mwendo uleule akitazama upande fulani wa ukumbi. Waliomjua wameelewa. Mshororo ule umegusa jambo lake, labda mume, labda jirani, na sasa ameutia sahihi mbele ya watu. Kutuza ni tendo la kusema, na hapa hasa ndipo paliponigusa. Mhakiki makini angefanya kazi ileile kwa kalamu: asiseme wimbo wote unapendeza, aonyeshe mahali alipoinuka.

Aliyewafanya watu wa kawaida wainuke ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Siti, jina la bibi wa heshima, alilipewa baadaye kwa ajili ya uimbaji wake. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake alimwona kuwa mtu wa kuwekwa katika vitabu wakati ambapo wanawake wa aina yake hawakuandikwa. Kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mfinyanzi, akivichukua vyungu vyake hadi mjini na kuvinadi. Nalipenda sana jambo hili katika maisha yake. Kunadi ni kazi ya sauti peke yake: mnunuzi yumo ndani ya nyumba, hakuoni wala hajui una nini, na ni lazima mwito wako upite ukuta na kumfanya afungue mlango. Aliyefunzwa na kazi hiyo hahitaji kuambiwa sauti ifanye nini kwa msikilizaji.

Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri na wenzake, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Linganisha na saa nzima ya Umm Kulthum. Hapakuwa na nafasi ya kumngoja msikilizaji apandwe na hali polepole. Ilibidi imfikie mapema, kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, maana wenzake wa tarabu ya kasri waliimba Kiarabu na wengi waliosikia hawakuelewa. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa sura na asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Miaka mingi baadaye Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake kilichagua Sauti ya Siti. Hawakuhitaji kuongeza sifa yoyote mbele ya neno sauti.

Sasa nije kwa Bi Kidude, kwa kuwa hapo ndipo istilahi zetu zinapopata mtihani.

Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 baada ya maisha marefu ambayo hakuna aliyeweza kutaja mwanzo wake kwa tarehe, hakuwa na sauti nyororo. Ilikuwa nzito, kavu, yenye michubuko. Alipokuwa akipiga msondo, ngoma ndefu ya unyago, aliifunga kwa kanga, akaibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na sauti yake ilitoka juu ya mlio ule kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Alipopanda ilipasuka, naye hakuuficha ule ufa. Mwaka 2005 walimtunuku tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na watu wasiojua neno moja la Kiswahili walisimama.

Tuna maneno gani kwa sauti kama hiyo? Ukiyakusanya utaona karibu yote ni ya ugonjwa. Sauti imekauka. Sauti imekwama. Sauti imempwea, neno zuri lenye bahari ndani yake, maana ni maji yaliyopwa na kuacha ufuko mtupu. Yote yanamtaja mtu aliyepoteza kitu, anayepaswa kunywa asali na tangawizi akae kimya siku mbili. Lakini Bi Kidude hakuwa amepoteza. Ile ndiyo sauti aliyokuwa nayo na aliyoitaka. Hata "sauti ya kukwaruza", ambalo ndilo linalomkaribia zaidi, watu hulitumia kwa kulalamika: spika inakwaruza, redio inakwaruza.

Ndiyo maana lile jibu la msikilizaji, kwamba bibi yule anamkuna, nimelishikilia. Kukwaruza na kukuna ni vitendo vya jamii moja. Vyote ni vya kitu kigumu kupita juu ya kitu laini. Tofauti iko katika nani anayeeleza. Anayetazama koo husema linakwaruza. Anayepokea husema amekunwa, yaani palipokuwa pakimwasha pamefikiwa, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haukufika. Na kila aliyewahi kukaa juu ya mbuzi anajua kwamba nazi haitoi tui mpaka ikunwe, na kwamba mbuzi butu hutoa machicha makubwa yasiyo na kitu. Makali ni sehemu ya kazi. Kwa hiyo ningependa tuwe na sauti ya kukuna kama istilahi kamili ya sifa, kwa waimbaji ambao ugumu wa sauti yao ndio unaofikia panapowasha, na kukwaruza tuiachie spika mbovu.

Kusuuza ni kinyume chake kabisa. Unasuuza chombo ambacho tayari kimesuguliwa; maji safi yanapita kuondoa mabaki. Shakila, mzaliwa wa pwani ya Tanga aliyefariki Agosti 2016, alikuwa na sauti ya namna hiyo. Katika Macho Yanacheka hasukumi popote. Anaiachia sauti ipite, wala hukumbuki ni wapi alipovuta pumzi. Kukonga nyoyo, ambalo magazeti hulipenda, ni jirani ya kusuuza lakini si ndugu: anayekongwa alikuwa na kiu. Ningelihifadhi kwa mwimbaji aliyekuwa akisubiriwa, aliyekaa kimya muda mrefu akarudi.

Kuliza kuna kina zaidi. Katika Kiswahili ngoma hulia, gitaa hulia, kengele hulia, na mtu hulia. Hatukuona haja ya kutenga mlio wa chombo na kilio cha binadamu, na anayeliza gitaa hutumia kitenzi kilekile cha anayemliza mtu. Mwimbaji anayeliza, basi, amemfanya msikilizaji kuwa chombo chake. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki na aliyefariki mwaka 1995, aliifanya kazi hiyo bila kupaza sauti. Katika Zuwena anasimulia tu, kwa mwendo wa mtu anayekueleza mkasa huku akikutazama usoni, na huzuni inakuja kwa sababu yeye mwenyewe amejizuia. Lady Jaydee ana njia yake nyingine, na watu wakamwita Binti Machozi, jina lililotokana na wimbo wake wa Machozi. Sijui lugha nyingi ambazo zingempa mwimbaji wa kisasa cheo cha namna hiyo akakivaa kwa fahari.

Kuna neno moja ambalo tunalichezea, nalo ni kupagawa. Kila tamasha linaloandikwa magazetini mashabiki wamepagawa, hata kama walichofanya ni kuinua simu zao juu na kupiga picha. Asili yake iko katika ngoma za pepo, ambako kila pepo ana ngoma na wimbo wake, na mgonjwa hapandwi mpaka upigwe ule unaomhusu. Aliyepagawa hatawali tena mwili wake. Wimbo wa mwenzake ungepigwa hadi asubuhi asitikisike. Hilo ni jambo la kweli juu ya sauti zinazotugusa, na wahakiki wangefaidika nalo: sauti inayompagawisha dada yako inaweza kukuacha wewe mkavu, na hakuna kati yenu mwenye masikio mabovu. Ukilitumia neno hili, litumie pale ulipoona mtu ameshindwa kukaa.

Na kuna neno ambalo ningefurahi likipumzika: hisia. Majaji wa mashindano ya kuimba huligonga kama muhuri. Ameimba kwa hisia, ongeza hisia, hisia hazikuwepo. Hisia zipi? Aibu ni hisia, hofu ni hisia, na kijana anayetetemeka mbele ya majaji anazo tele. Jaji ambaye angesema "ulinikuna pale uliposhuka, lakini kwenye kiitikio ulikuwa unanadi tu bila mnunuzi" angemfundisha mtoto kitu cha kufanyia kazi kesho.

Wenye studio na mashabiki wao wamezua mpangilio mwingine, ambao naona umekomaa kuliko wa majaji. Wanasema vionjo, madoido na mbwembwe, na ukisikiliza vizuri hayo matatu si visawe. Kionjo ni kitu kidogo kilichoongeza ladha ya wimbo: mkunjo mmoja wa sauti mwishoni mwa mshororo, pumzi iliyoachwa isikike. Madoido ni mapambo, na mapambo yanaweza kupendeza au kuzidi. Mbwembwe ni pale ambapo mwimbaji ameuacha wimbo na anajionyesha yeye. Mtu akisema fulani ana mbwembwe nyingi hakumsifu sauti, hata kama anacheka. Hiyo ni ngazi nzima ya uhakiki wa mapambo ya sauti, imejengwa na vijana bila kamati.

Studio hizohizo ndizo zinazonipa wasiwasi. Programu ya Auto-Tune ilipotoka mwaka 1997 ilikusudiwa kurekebisha kidatu: mwimbaji akikosea kimo, inamsogeza. Hiyo ina maana mashine inajua ule upande mmoja wa istilahi niliouanzia, upande wa ngazi. Inajua mtu yuko juu au chini ya mahali anapotakiwa. Haijui kukuna, haijui kusuuza, na ule ufa wa Bi Kidude kwake ni kosa la kunyooshwa. Mtayarishaji anaweza kuitumia kwa busara, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini mtayarishaji asiye na neno la kuutetea ufa ule ataunyoosha, kwa kuwa kitu kisicho na jina la sifa ni rahisi kukiona kuwa dosari. Kwa sababu hiyo jambo hili si la wapenda maneno peke yao. Jina linapokosekana, sauti zenyewe zinapotea.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na kazi yake mojawapo ni kukuza na kusanifu istilahi. Naliomba, pamoja na vyuo vyetu vinavyofundisha muziki, lisianze kamusi ya uimbaji kwa orodha ya kigeni inayotafutiwa visawe. Lianze Unguja kwa Ikhwani Safaa, ambacho bado kinapiga, lipite kwa wazee wa bendi ya Msondo Ngoma, kwa makungwi, kwa walimu wa kwaya wa Moshi na Bukoba, kwa wasomaji wa kasida Lamu na Mombasa, kwa vijana wa studio za Sinza. Liwaulize wasikilizaji pia, maana wao ndio wanaovijua vitenzi. Nawe msomaji, ukimsikia mtu akiisifu sauti kwa neno ambalo hujalikuta kamusini, liandike, na pembeni yake uandike jina la mwimbaji na wimbo uliokuwa ukipigwa.